Naomba ushauri: mtoto amependa Scratch, nimpeleke wapi sasa?

Habari zenu wakuu. Niko Igoma, Mwanza. Binti yangu wa darasa la sita amezama kwenye Scratch, ile programu ya bure ya kufundishia watoto kuandika programu za kompyuta, ya chuo cha MIT cha Marekani, iliyotoka 2007. Mtoto anaunganisha vipande vya rangi vyenye maagizo, mchezo unatembea. Juzi katengeneza mtumbwi unaokwepa magugu maji ziwani. Ukigusa gugu, alama zinapungua. Mwanzoni hazikupungua, mpaka alipogundua mwenyewe kwamba agizo la kukagua lazima liwe ndani ya kipande cha kurudia bila kukoma, la sivyo linakagua mara moja tu, basi. Nilifurahi mno, maana hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Sasa nimwanzishie Python, lugha ya kuandika programu kwa maneno, moja kwa moja, au apitie CodeCombat, mchezo wa mtandaoni ambako shujaa hatembei mpaka umwandikie msimbo (code) halisi? Shida ni bando. Scratch nimeipakua, inafanya kazi bila intaneti, tena ina Kiswahili. Kiingereza cha binti bado kinasuasua. Mliowahi kufundisha watoto mlivukaje hapo? Na kama kuna mwalimu wa Jumamosi, Nyamagana au Ilemela, naombeni mnielekeze.