Naomba ushauri: msomaji kaniharibia kitabu cha sauti, nataka nirekodi mwenyewe

Habari zenu wakuu. Mzee wangu haoni tena, presha ya macho, na alikuwa mtu wa riwaya haswa, hivyo nikamnunulia kitabu cha sauti nikakiweka kwenye flashi achomeke kwenye redio yake. Dakika kumi tu akasema zima mwanangu, huyu ananisomea taarifa ya habari.

Nikasikiliza na mimi, kweli kabisa. Mama analia kaburini kwa mwanae na jamaa anasoma kwa sauti ileile aliyosomea bei ya mahindi sura iliyopita, kwenye nukta hapumziki, mtu akiuliza swali hujui kama kauliza. Kuna mahali "alimjua barabara", mkazo unatakiwa ukae kwenye ra ya kwanza, yeye kauweka kwenye ba ya pili ikawa barabara ya magari! Mzee akaguna tu.

Sasa nimeanza kumrekodia kwa simu, nimeingia ndani ya kabati la nguo ili mwangwi upungue, sauti inatoka safi ila sentensi ikiwa ndefu pumzi inakata katikati na mate nikimeza yanasikika.

Wahusika niwabadilishie sauti kila mmoja au nibadili kasi tu? Sauti ya bibi kizee naogopa nikiiigiza itakuwa kichekesho na pale pana msiba. Na nikikosea neno narudia sentensi au aya nzima? Waliowahi kufanya redio au maigizo nisaidieni jamani, mzee anaulizia sura ya pili kila jioni.