Tupeane uzoefu: fundi au mkandarasi mdogo, chama kimekusaidia nini?

Zege Halilali, Morogoro

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkandarasi wa majengo, daraja la saba, la chini kabisa. Kampuni yenyewe ni mimi, mke wangu anayeshika vitabu, mashine ya zege ya kukodi na vijana ninaowaita kazi ikitokea. Wiki hii nimefuatwa na viongozi wa chama kimoja cha makandarasi, wanataka nilipe kiingilio na ada ya mwaka. Maneno wanayo, tena matamu.

Tusichanganye mambo. Usajili wa CRB, bodi ya serikali ya makandarasi, si hiari, upo kisheria tangu 1997, na mafundi umeme nao leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ni lazima. Siulizii huko. Naulizia vyama vya kujiunga kwa kupenda, viwe vya kitaifa kama CATA, ACCT na TACECA, au vile vya mafundi wa mtaa mmoja. Leta kilichokukuta wewe, si ulichosikia kijiweni. Na kama una la kulaumu, jina la chama kaa nalo.

Pointi Tatu, Mwanza

Mkuu, sisi mafundi umeme wa huku tulianzisha chama kwa sababu moja tu: bei. Unamtajia mwenye nyumba bei ya pointi, yaani kila taa, swichi au soketi, anakujibu kuna kijana kamtajia nusu yake. Tukakaa, tukapatana bei ya chini ambayo hakuna wa kuivunja, tukaandika na kusaini. Mwezi haukuisha. Wa kwanza kuivunja alikuwa mwenyekiti, na alipobanwa akasema ile ilikuwa nyumba ya shemeji yake.

Faida ikatokea tusikoitarajia. Sasa tunajuana nani ana leseni ya daraja gani. Nikipata kazi inayozidi daraja langu, zamani ningeiacha, au ningeifanya kwa kujificha. Siku hizi nampelekea mwenzangu mwenye daraja la juu, naye ananiweka humo kama msaidizi, tunagawana. Hilo peke yake limerudisha ada yangu.

Mwanasheria wa Kijiweni

Hiyo karatasi mliyosaini ichomeni. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupatana bei, na kujiita chama hakuwakingi. Kufundishana namna ya kukokotoa gharama, sawa. Kupanga bei moja, hapana.

Pointi Tatu, Mwanza

Mwenyekiti alishaichoma siku nyingi, mkuu.

Mama Saiti, Dar

Niruhusuni niseme kirefu. Nilijenga madarasa na vyoo kwa halmashauri moja, siitaji. Kazi ikakaguliwa, hati ya malipo ikasainiwa, pesa haikuja. Nondo na saruji nilinunua kwa mkopo wa benki, na riba hailali. Mkataba una kifungu kabisa: wakichelewa kunilipa, nidai riba. Haya niambieni, ni mkandarasi gani mdogo mwenye ubavu wa kuwaandikia barua ya kudai riba, kisha mwezi ujao akaombe zabuni kwenye mlango uleule? Nikawa naenda kwa mweka hazina kama mtu anayeomba msaada. Nakaa kwenye benchi mpaka saa nane, naambiwa, "Mama, fungu halijaingia." Mwenye duka la vifaa naye ananipigia simu, mpaka ikafika mahali napokea nikiwa nimetoka nje ili watoto wasinisikie.

Chama nilikuwa nimeshajiunga, ila sikukitegemea. Siku hiyo kwenye kikao kila mtu akatoa la kwake, ikaonekana karibu chumba kizima kinadai. Katibu akatengeneza jedwali: mradi, tarehe ya hati, kiasi, siku zilizopita. Barua ikaenda mkoani, nakala wizarani, imesainiwa na chama. Madeni yote yalikuwa humo, kwa hiyo mweka hazina hakuwa na mtu mmoja wa kumnunia. Nililipwa kwa mafungu mawili.

Riba sikuipata, na sitaki kudanganya kwamba chama kilinipigania kwenye hilo. Wakubwa walisema tusiwachokoze. Wakubwa wa chama ndio wenye miradi mikubwa, nao wana ya kwao ya kulinda. Lakini mtaji wangu ulirudi.

Nondo Kumi na Mbili, Singida

Pole sana dada. Mimi naongea kutoka upande wa pili. Vyama vya makandarasi vimelalamika miaka na miaka kuhusu fosi akaunti, ule utaratibu wa shule au zahanati kujengwa na mafundi wa eneo husika chini ya usimamizi wa halmashauri, bila mkandarasi. Sasa huo ndio uliotulisha sisi. Nimesimamisha madarasa kijijini kwetu kwa utaratibu huo, na hayajapata ufa. Mkinialika kwenye chama chenu nitakuwa natoa ada ya kuniondolea ugali.

Cheti changu ni cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, nilipimwa ujuzi nilioupatia kazini. Na wenzangu tulisajili kikundi cha vijana, tukapata mkopo wa zile asilimia 10 za mapato ya halmashauri wanazokopeshwa vijana, wanawake na wenye ulemavu, tukanunua mashine ya kuchanganyia zege. Hatuna mwenyekiti wa taifa wala mkutano wa hotelini.

Zege Halilali, Morogoro

Hapo umenibana, kwa sababu hayo madarasa ndiyo yalikuwa kazi zetu sisi wa madaraja ya chini. Nilipowabana wale viongozi waniambie chama kimeleta nini, walinitajia zabuni za wazawa: kiwango cha juu cha kazi za serikali zinazotengewa makandarasi wa ndani kimepandishwa kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50. Ni kweli kimepanda, na wenye mitambo yao nawapongeza. Mimi bilioni 50 naisikia redioni tu.

Mjenzi wa Pwani, Mombasa

Waungwana, huku Kenya lazima ni kusajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi, kwa sheria ya 2011. Mimi niko NCA 7, na madaraja ni manane, kwa hivyo mwajua nilipo. Chamani niliingia kwa ajili ya mkataba. Ule mkataba wa majengo wa 1999 utumiwao sana katika kazi za watu binafsi ulitokana na chama cha wasanifu, AAK, na chama cha wajenzi, KABCEC, kuketi meza moja. Sisi wadogo twauona na hatuusomi. Mimi nilikuwa napewa karatasi mbili na wakili wa mwenye mradi, natia saini, naenda kuchimba msingi.

Chama kikaleta mafunzo. Tukapitishwa kifungu kwa kifungu: ile asilimia ya malipo inayozuiwa yarudi lini, msanifu akikawia kutoa cheti ufanye nini, kazi ya ziada iandikwe vipi. Baadaye tajiri mmoja akaniambia nimuongezee baraza. Nikamwomba aandike kwanza. Alinuna, akaandika, na baraza ikalipwa. Zamani ningeijenga kwa heshima tu.

Kazi je? Chama hakijanipa hata moja, na anayewaahidi kazi mwogopeni.

Mirunda, Tanga

Sababu yangu ndogo. WCF, ule mfuko wa serikali wa fidia, humlipa mfanyakazi aliyeumia akiwa na mwajiri. Fundi anayejitegemea akianguka kwenye mirunda, mwajiri wake nani? Chama chetu cha waashi na maseremala kina mfuko wa kuumia na kuzikana. Mwenzetu alivunjika nyonga, mfuko ukalipa hospitali, vijana wakamalizia paa aliloliacha na hela ya ufundi wakampelekea mkewe. Hatuna hata karatasi yenye nembo.

Kandarasi Hewa

Mimi nililipa ada mpaka nikachoka. Enzi zile walau kiongozi angekunong'oneza zabuni iko wapi. Leo zabuni za serikali ziko NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, kila mwenye simu anaziona. Hela ya ada nanunulia bando, na nyingine namlipa kijana anayejua kujaza nyaraka. Viongozi wangu walikuwa wakisafiri kwa posho kutuwakilisha, wakirudi hatuoni hata taarifa ya ukurasa mmoja.

Mama Saiti, Dar

NeST inakuonyesha zabuni, kaka. Dhamana ya zabuni, ile karatasi ya kukudhamini unapoomba kazi, haikupi.

Kandarasi Hewa

Dhamana napata kwenye mfuko wa CRB wa kusaidia makandarasi. Huo nao si wa chama.

Mama Saiti, Dar

Hilo nakubali. Ila siku ukicheleweshewa malipo utanitafuta.

Mwanasheria wa Kijiweni

Zege, kabla hujatoa senti, omba cheti chao kutoka kwa Msajili wa Jumuiya, yule wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Kisha katiba, na hesabu za mwaka jana. Katika katiba soma kwanza kipengele cha uchaguzi na muda wa viongozi. Halafu tafuta mwanachama aliyetoka, umsikilize yeye kabla ya hao wanaokuja na suti.

Zege Halilali, Morogoro

Nimewapigia. Nimewaambia nitaingia wakinionyesha barua moja tu waliyowahi kumwandikia mdaiwa kwa niaba ya mtu wa daraja la saba. Cheti na katiba wametuma WhatsApp hapohapo. Barua wanaitafuta. Hesabu wanasema mtunza hazina kasafiri.

Kandarasi Hewa

Wa kwangu naye alisafiri.