Wateja wa tatuu acheni kulilia bei, mtachorwa na sindano ya mtu mwingine

Wakuu habari zenu, leo sizunguki. Mimi ni mchora tatuu hapa Dar, fremu yangu iko Sinza, na hii kazi ndio inanilisha, inasomesha mtoto na inalipa kodi, sina nyingine ya pembeni. Sasa nimechoka na huu mtindo wa mtu kuingia DM saa sita usiku anatuma picha "bro hii bei gani", unamjibu vizuri, anakuletea emoji za kulia, halafu "fanya kumi na tano basi nije na washkaji zangu". Hao washkaji hawajawahi kuja hata siku moja. Tatuu siyo fungu la nyanya useme likikaa mpaka jioni muuzaji atashusha bei tu, hii inaingia kwenye ngozi yako na unazikwa nayo.

Wengi mnadhani mnalipia wino ndio maana mnaona tunawaibia. Haya, mteja wa mkono mmoja tu, kabla mashine haijawashwa nimeshakaa na mchoro wake jana yake usiku, nimeurekebisha ukae na umbo la mkono, nimetoa stensili, yaani karatasi ya kuhamishia mchoro kwenye ngozi. Akifika nafungua wembe mpya namnyoa, glavu mpya, waya na mashine navifunga nailoni, kitanda natandika nailoni, vikofia vya wino vipya, tishu, sabuni, na katriji mpya, kile kichwa cha plastiki chenye sindano ndani, naifungua mbele ya macho yake, na kazi yenye mistari na vivuli haiishi na katriji moja, ni mbili au tatu. Akiondoka vyote hivyo ni takataka, sindano zinaenda kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia vyenye ncha kali. Boksi la katriji 20 zinazoeleweka bei yake inazidi hiyo hela unayotaka nikuchoree mkono mzima. Hapo sijagusa fremu ambayo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, sijagusa Luku, na ukienda Kariakoo bila kujua unauziwa wino feki una lebo sawasawa na ule wa kweli, unakuja kushtuka mteja ameshaanza kuvimba.

Ila mteja simlaumu peke yake, hasira zangu kubwa ni kwa wanaojiita wachoraji wanaochora kwa elfu kumi. Wakuu elfu kumi hailipi hata vifaa nilivyotaja hapo juu, kwa hiyo lazima kuna kitu kimerukwa, na kinachorukwa siku zote ni sindano. Nimekaa kwenye geto la jamaa mmoja nikaona kwa macho yangu, anamaliza mtu, anachovya ileile katriji kwenye spiriti, anaifuta na tishu, anamuita anayefuata. Wino uliobaki kwenye kikofia, umeshachovywa na sindano yenye damu, anaumimina tena kwenye chupa! Nikamuuliza vipi ndugu yangu, akanijibu spiriti inaua kila kitu. Haiui. Katriji ni plastiki, ndani kuna vijinjia ambavyo huwezi kuvisafisha hata ufanyeje, imetengenezwa itumike kwa mtu mmoja itupwe. Vyuma vinavyorudiwa vinatakiwa kuingia kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, joto la nyuzi 121 za Selsiasi na presha juu, siyo kuloweka kwenye kikombe cha chai. Na watu wote wanaogopa ukimwi tu, wakati kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Siku saba, yaani aliyechorwa Jumatatu anaweza kumwachia aliyechorwa Jumamosi na hawajawahi kuonana.

Kuna wengine wanapunguza makali ya wino mweusi kwa maji ya bomba ili wapate rangi ya kijivu ya vivuli, ukiwaambia wanasema maji tu yana shida gani. Mwaka 2011 pale Rochester, New York, watu 19 walitokwa na vipele vilivyokaa kwa muda mrefu baada ya kuchorwa kwa wino wa kijivu wa kununua, walipochunguza wakakuta bakteria ndani ya wino, hata kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, na maji yaliyotumika kuupunguza ndio yaliyoshukiwa. Hayo ni maji ya kiwandani, wewe unatumia ya kwenye ndoo.

Juzi kati kaja dada mmoja amefunga mkono kwa kitenge. Nikamwambia fungua. Jina la mtoto wake, herufi zimevimba, wino umetapakaa chini ya ngozi mpaka huwezi kujua kama ni "n" au "m", maana aliyemchora alizamisha sindano kupita kiasi, na sindano inatakiwa iingie milimita moja mpaka mbili hivi, basi. Pembeni usaha unatoka, mkono wa moto. Alichorwa kwa elfu kumi na mbili. Kilichomleta kwangu? Nimrekebishie, kwa bei hiyohiyo, siku hiyohiyo, kwa sababu Jumapili kuna bethdei ya mtoto. Nikamwambia dada angu sigusi hapo, nenda hospitali kwanza upewe dawa, kidonda kipone kabisa, ngozi itulie miezi miwili mitatu ndio uje tuone kinachowezekana, na kufunika tatuu iliyoharibika ni kazi ngumu kuliko kuchora mpya na bei yake iko juu. Akanuna. Usiku nakuta ameandika kwenye status kwamba wachoraji wa Sinza tunaringa. Kumbuka huyo wa elfu kumi na mbili hakuandikwa popote, niliyeandikwa ni mimi niliyemtuma hospitali.

Suala la Pinterest nalo. Mnaleta picha ya mzungu mweupe pee, vijistari kama unywele na rangi za maji maji, pinki, njano, mnataka itoke vilevile kwenye ngozi yangu na yako. Wino unakaa chini ya ngozi, unaonekana kupitia rangi ya ngozi yenyewe, kwa hiyo wino mweupe na njano kwenye ngozi nyeusi unafifia au unageuka. Sisemi ngozi yetu mbaya, ngozi nyeusi inabeba mweusi vizuri sana ukimpa mchoraji nafasi ya kuacha uwazi na kunenepesha mistari, bibi zetu wa Kimakonde wamechorwa nembo usoni na unaisoma nembo ile mpaka uzeeni. Nikikuambia hii tuibadilishe usiseme sijui kazi. Na ukiwa na historia ya makovu kuvimba niambie mapema, usinifiche halafu uje kunidai.

Halafu vijana wa kutaka kwenda majeshini. Matangazo ya ajira za polisi yanaandikwa wazi kabisa asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Kijana chini ya miaka 18 simchori hata aje na mjomba wake, na aliyefika umri namuuliza kwanza una mpango wa jeshi? Anasema hapana. Miezi inapita anarudi na mama yake mzazi, mama ananitukana mbele ya wateja kwamba nimemharibia mtoto maisha, nifute. Nifute na nini? Kufuta ni leza, vikao vingi vinavyopishana kwa wiki kadhaa, na gharama yake inapita mbali ile ya kuchora. Wengine wakisikia hivyo wanaenda kujimwagia asidi ya betri au kujichoma na pasi, wanabaki na kovu kubwa kuliko tatuu yenyewe, na jeshini hawachukuliwi vilevile. Inaniuma sana hii.

Na huku mtaani tunaitwa wahuni na freemason. Nilipoenda kuomba leseni nikaulizwa hiyo biashara ndio ipi, mwishowe nikaandikwa saluni. Hakuna aliyekuja kuniuliza sindano natupa wapi. Mimi ningefurahi waje wakague, wanikague mimi na yule wa kikombe cha chai, tuone nani atafungiwa.

Kuanzia sasa kwangu utaratibu ni huu, unatuma kishika uchumba nusu ya bei ndio naanza kuchora mchoro, usipotokea bila taarifa hairudi, maana umenizibia siku nzima na kuna mtu nimemkatalia kwa ajili yako. Ukija umelewa unarudi nyumbani, pombe inakutoa damu na wino haukai. Bei nikishasema nimesema. Atakayeona ghali aende, ila aombe afunguliwe katriji mbele yake huko anakoenda.

Wachoraji wa Arusha, Mwanza, Mombasa na Nairobi najua mko humu. Nyie kishika uchumba mnachukua kiasi gani, na mteja akibadilisha mchoro dakika ya mwisho mnamfanyaje? Na tukikubaliana bei ya chini ambayo hakuna anayeshuka, mtaishika kweli au wiki ijayo mtarudi kwenye elfu kumi? Nijibuni nyie mnaoshika mashine.