Mjadala: Gazeti likimwita mtu mwizi kimakosa, lisahihishe ukurasa uleule

Naiweka hoja yangu wazi. Gazeti likichapisha habari ya uhalifu isiyo ya kweli, masahihisho yatoke ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Kumwita mtu jambazi ukurasa wa kwanza, kisha kumwomba radhi kwa mistari mitatu ndani, ni kumvua nguo sokoni na kumvisha chumbani.

Mashabiki wa Liverpool wanaijua vizuri habari ya Hillsborough. Msongamano katika uwanja huo wa soka mjini Sheffield, Uingereza, Aprili 15, 1989, uliua watu 97, wa mwisho akifariki mwaka 2021 kutokana na majeraha. Siku nne baada ya mkasa, gazeti la Uingereza la The Sun likatoka na kichwa kikubwa, "Ukweli": eti baadhi ya mashabiki waliwaibia waliokufa na kuwakojolea polisi. Maneno hayo yalitoka kwa maofisa wa polisi na mbunge mmoja, yakapitia shirika la habari, gazeti likayachapa. Radhi ya ukurasa wa mbele ilikuja Septemba 2012, baada ya jopo huru la uchunguzi kuyakanusha maneno hayo. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama (jury) lililochunguza vifo hivyo likaamua kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Mpaka leo wako wakazi wengi wa Liverpool wasiolinunua gazeti hilo.

Kwa hiyo "polisi walisema" si kinga. Na hapa kwetu Kenya ndipo panaponiuma: tunasoma "majambazi wameuawa", msemaji ni polisi peke yake, na aliyekufa hawezi kujibu. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Cha 35(2) kinampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri zirekebishwe au zifutwe. Haki ipo, ila Katiba haikutaja ukurasa.

Wanahabari watasema hili litawapa wanasiasa rungu. Hofu hiyo ina msingi. Aliyetajwa kwenye kashfa ya ufisadi atadai masahihisho kila siku. Ndiyo maana nadai mambo yanayothibitika tu: jina, picha, shtaka, alikamatwa au la, mahakama ilimwachilia au ilimfunga. Maoni ya mhariri yasiguswe. Na mtandaoni habari isifutwe kimyakimya, bali marekebisho na tarehe yake viwekwe juu kabisa.

Mnaopinga, nielezeni nani aamue mzozo ukizuka. Mimi nasema Baraza la Vyombo vya Habari, ambalo tayari lina tume ya malalamishi chini ya sheria ya 2013. Kesi ya kuchafuliwa jina mahakamani huvuta miaka, na mwendesha bodaboda aliyepachikwa picha ya mwizi hana pesa za wakili.