Mjadala: Mtu wa IT ajiunge na chama cha kitaaluma au ni kutoa ada bure?

Wadau habari zenu. Naomba hili tulijadili kwa utulivu maana kila likiibuka linaishia kwenye kejeli. Kuna wanaosema mtu wa IT hahitaji chama, kazi zake zipo GitHub (mtandao wa kuweka programu unazoandika) kila mtu anaziona, vyama tuwaachie madaktari na wanasheria. Wengine wanasema jiunge tu upate cha kuandika kwenye CV. Mimi naunga mkono kujiunga tena kwa nguvu zote, ila sio kwa sababu ya CV.

Hoja ya kwamba unaweza kujifunza mwenyewe sibishani nayo, masomo ya bure yamejaa mtandaoni. Lakini kuna elimu haiandikwi popote, watu wanasimuliana wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Kuna kikao cha chama nilihudhuria, jamaa mmoja wa seva (kompyuta kuu zinazotunza data) akasimama akaeleza walivyopoteza data kazini kwao. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ilikuwa inaenda kila usiku, ripoti asubuhi inasoma kijani, miezi na miezi, siku seva imekufa wanakwenda kurudisha wanakuta mafaili yapo ila hayana kitu ndani, kumbe akaunti iliyokuwa inachukua bakapu ilishaondolewa ruhusa ya kusoma yale mafolda na hakuna mtu aliyewahi kujaribu kurudisha hata faili moja kuona kama linafunguka. Alivyomaliza watu wakaanza kutoa na ya kwao, mmoja baada ya mwingine. Sasa niambieni, ni kampuni gani itaitangaza habari kama hiyo? Na yule jamaa asingethubutu kuisema mbele ya watu baki, alisema kwa sababu waliokaa pale ni wenzake na wanabanwa na miiko ileile.

Na hapo kwenye miiko ndo penye hoja yangu hasa.

Kuna kisa cha zamani Marekani, watu wengi wa fani yetu hawakijui. Wahandisi watatu walikuwa kwenye mradi wa treni za BART, eneo la San Francisco, treni zinazojiendesha kwa mfumo wa kompyuta. Wakaona mfumo haujapimwa vya kutosha, wakawaambia mabosi, wakapuuzwa, wakapeleka kwa mjumbe wa bodi. Machi 1972 wakafukuzwa kazi wote watatu. Oktoba mwaka huohuo treni ikashindwa kusimama stesheni ya Fremont ikapitiliza mwisho wa reli na watu wakaumia. Walipokwenda mahakamani, chama cha IEEE, cha wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 1975 kikapeleka andiko kusema mhandisi ana wajibu wa kulinda usalama wa umma. Kesi iliishia kwa kuelewana nje ya mahakama na maisha yao yaliyumba sana, sitaki kumdanganya mtu kwamba chama kinafuta maumivu. Ila fikiria wangekuwa watatu tu, bila taasisi yoyote ya wenzao kusimama kusema hawa walifanya kilichotakiwa.

Upande wa pili angalieni sakata la kampuni ya magari ya Volkswagen, programu iliyokuwa inatambua gari lipo kwenye kipimo cha moshi ili lijifanye safi. Mwaka 2017 mhandisi wao James Liang alihukumiwa miezi 40 jela. Kwa hiyo "nilitumwa na bosi" haimkingi mtu. Kanuni za maadili za ACM, chama cha kimataifa cha watu wa kompyuta, zile zilizohuishwa 2018, zinasema wazi kwamba ukiona dalili za hatari kwenye mfumo una wajibu wa kuripoti, na viongozi wasipochukua hatua huenda ikabidi ulitoe suala hilo nje. Ukiwa na andiko la namna hiyo mkononi unaongea na bosi tofauti kabisa, huonekani mkorofi, unaonekana mtu mwenye taaluma yake.

Najua kuna atakayeniuliza mbona Uingereza BCS, chama chao cha watu wa kompyuta, ipo tangu 1957 na bado mfumo wa hesabu wa Horizon wa posta ukasababisha mamia ya wasimamizi wa posta wahukumiwe kwa wizi na udanganyifu ambao haukuwepo, hela "zilizopotea" ni makosa ya kompyuta. Swali la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba kule kujiunga ni hiari, mtu anaweza kujenga mfumo unaopeleka watu jela na asiwajibike kwa chama chochote. Kwa hiyo mimi kile kisa hakinionyeshi kwamba vyama havifai, kinanionyesha vimeachiwa meno machache mno. Kijana anayetengeneza tovuti asilazimishwe kujisajili, hapo nitapinga hata nikiwa peke yangu. Lakini anayesaini kwamba mfumo wa hospitali, wa mahakama au wa kura uko tayari, huyo awe amesajiliwa na anaweza kufutwa usajili.

Kuhusu ada, ni kweli inauma, ila vyama vikubwa vina kiwango cha chini kwa wanafunzi, anza hapo. Na usijiunge kichwa kichwa, vipo vinavyojua kukusanya tu. Uliza kama kuna kanuni zilizoandikwa, kama kuna kamati ya nidhamu iliyowahi kumwajibisha mwanachama, kama mapato na matumizi yanasomwa mbele ya wanachama na kama viongozi wanapigiwa kura. Wakianza kujiumauma, ondoka na hela yako.

Pia ile shuruti ya vyama kwamba mwanachama aendelee kujisomea inasaidia kuliko watu wanavyoikubali. Mwenye CISA, cheti cha ukaguzi wa mifumo ya kompyuta kinachotolewa na chama cha ISACA, anatakiwa afikishe saa 120 za masomo kila miaka 3 na zisipungue 20 kwa mwaka. Wengi wetu bila kusukumwa tunabaki na tulichojifunza chuo.

Sasa mnaopinga, nawaomba mnijibu hili moja, sio la CV wala la GitHub. Kesho bosi akikuita akakwambia ufute logi za mfumo (kumbukumbu za nani alifanya nini) kabla wakaguzi hawajafika, na una familia inakutegemea, utampigia nani simu?