Mafundi fanicha wa Moshi na Arusha, kama hujui chombo cha maji sema hujui, mnatuulia madau yetu

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiye na muda apite tu.

Hivi kwa nini fundi wa Kibongo hawezi kutamka neno moja tu, "sijui"? Ukimpelekea redio anajua, ukimpelekea pampu ya maji anajua, ukimpelekea dau la tanga lililoundwa Pangani na wazee wenye tezo, lile shoka la kuchongea mbao, naye fundi mwenyewe ni wa makochi na makabati ya jikoni, bado anakwambia niachie mzee, wiki ijayo njoo.

Dau lenyewe ni la marehemu mjomba wangu. Dogo, la kuvulia, mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, ni wa mvule, mataruma, yaani mbavu zake, ya mtondoo, ubavuni msaji. Tulilipandisha na Kenta kutoka Pangani mpaka huku Moshi, nia yangu liende bwawa la Nyumba ya Mungu, na tanga lake na foromali lake, ule mti unaobeba tanga, sitaki injini mimi. Likakaa chini ya bati kipindi cha jua, na Moshi ya Januari na Februari mnaijua, mbao zikanywea, mianya ikafunguka mpaka unapitisha kucha. Sasa hapo sikilizeni vizuri maana ndo uchungu wangu ulipo. Mianya ile SIO ugonjwa. Chombo chochote cha mbao kikikaa nchi kavu kinafanya hivyo. Dawa yake inajulikana pwani nzima, unachomoa kalafati iliyokufa, ile pamba ya kuzibia mianya, unapiga mpya ya pamba iliyolowa mafuta, hukazi sana, halafu unalowesha chombo taratibu, unamwaga maji ndani, unafunika magunia mabichi, mbao zinavimba zenyewe zinaikaba ile pamba. Kazi ya kweli iliyokuwepo ilikuwa mataruma machache yaliyooza upande wa shetri, kule nyuma, na ubao mmoja wa chini kabisa, ule unaokaa kando ya mkuku. Basi.

Jina la fundi siweki. Nilimuuliza mapema kabisa, vyombo vya baharini umewahi kushika? Akasema amefanya kazi Tanga, akanifungulia simu akanionyesha picha za majahazi yapo kwenye magogo yanaundwa, "hii kazi yangu, na hii yangu". Baadaye kijana wake mwenyewe ndo kanichekea, zile picha za Nungwi kule Unguja, bosi wake kazitoa mtandaoni, hajawahi hata kupanda boti ya kwenda Zanzibar!

Alichofanya kwenye mianya sasa. Kachukua unga wa mbao wa mashine, kachanganya na gundi nyeupe ya seremala, kasindilia kila mwanya kuanzia omo, yaani mbele, mpaka shetri, kakausha juani, kapiga msasa, kapiga vanishi. Nilipofika dau linang'aa, watu wamesimama barabarani wanapiga picha. Yani ameziba nafasi ambayo ubao unaihitaji ili uvimbe! Ubao mkavu ukiingia majini LAZIMA utanuke, kwa upana, kwa urefu hautanuki cha maana. Sasa ukikuta pale pembeni pameshindiliwa kitu kigumu kama zege unafikiri utaenda wapi? Unasukumana na mwenzake mpaka msumari unang'oka kwenye taruma. Pamba inaminyika, ndo maana watu waliichagua pamba, hawakuwa wajinga. Na hiyo gundi yenyewe ni ya ndani ya nyumba, ikikaa majini inarudi kuwa uji.

Mataruma ndo kabisaaa. Taruma ni mbavu, limepinda kufuata tumbo la chombo. Fundi wa pwani anatembea porini na kwenye mashamba ya watu anatafuta tawi lililopinda lenyewe, mtondoo, mkoko, mwembe, anapima kwa jicho, anakata, anachonga kwa tezo, nyuzi za mti zinapinda pamoja na taruma kuanzia juu mpaka chini. Hapo kuna nguvu. Huyu wangu kachukua ubao ulionyooka, kachora nusu duara kwa penseli, kapitisha jigso. Ukiangalia unaona umbo lilelile, safi kuliko hata la zamani, lakini nyuzi zimekatwa njiani, pale kwenye mpindo zina urefu wa vidole vitatu tu, ukigonga kidogo linakatika kama biskuti. Na miembe iliyopinda huku uwanda wa chini imejaa tele jamani, ungeniambia tu ningekuletea tawi.

Na ubao wenyewe kaniandikia kwenye risiti MNINGA. Nimekwangua rangi kwa kisu, paini. Ina vifundo na inanuka utomvu. Paini ya West Kilimanjaro sina ugomvi nayo, jengea kenchi, jengea kitanda cha mtoto, lakini kando ya mkuku, mahali ambapo maji yanatuama ndani na nje? Tena mbichi, msumari ukiingia maji yanachuruzika.

Misumari kapiga ya kenchi, bila kutoboa kwanza, msaji wa mjomba umepasuka sehemu kibao. Watu walikuwa na keekee kwa ajili hiyo, unatoboa tundu, unazungushia uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa cha msumari maji yasifuate chuma, ndo unagonga. Wengine zamani hata msumari hawakuhitaji, mitepe, vile vyombo vya kale vya Lamu, mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi na zikavuka bahari. Foromali sitaki hata kulizungumzia, kaweka mkaratusi mbichi wa kujengea.

Tulipolishua bwawani upande wa Mwanga, wavuvi wa perege wakasaidia kusukuma, wakasifia vanishi. Muda si mrefu maji yakaanza kuja, kwanza kwenye ule ubao mpya, halafu mianya yote, ile gundi inatoka vipande vipande inaelea pembeni yetu, mzee mmoja wa pale akauliza kwani mmeweka ugali? Tukachota kwa ndoo mpaka ufukweni. Bahati upepo wa mchana ulikuwa haujashika.

Nampigia simu. Mnajua kanijibu nini? "Mzee shida sio kazi yangu, maji ya bwawa ni mepesi kuliko ya bahari, ndo maana linazama." Wakuu nilicheka huku nataka kulia, maana hapo tu ndo kasema kitu cha kweli tangu nimfahamu! Maji ya bahari yanazidi uzito maji baridi kwa kama asilimia mbili na nusu, kwa hiyo dau likija bwawani linakaa chini kidogo. KIDOGO. Halitoboki kwa sababu hiyo. Na kama anataka kunifundisha maji baridi basi angejua hili, baharini adui ni wale wadudu wanaotoboa mbao, ndo maana wapwani wanapandisha chombo, wanachoma tako lake kwa moto wa makuti, wanapaka deheni ya shahamu na chokaa. Bwawani wadudu wale hawapo, lakini kuoza kunazidi, kwa sababu chumvi inasaidia kuhifadhi mbao na maji ya mvua hayana chumvi. Kwa hiyo kupaka vanishi nene ndani na nje juu ya ubao mbichi ni kufungia unyevu humo humo uoze polepole bila mtu kuona.

Halafu likaja la kunimaliza. Anasema kama limenishinda nimuuzie, atalipasua, kuna watu wa lodge Arusha wanapenda kaunta ya baa na meza za mbao za majahazi, zile zenye matundu ya misumari na rangi iliyobanduka, wanalipa vizuri. Kumbe! Sasa najiuliza, mtu mwenye mteja wa mbao chakavu mfukoni ana sababu gani ya kukarabati chombo kikapona? Simsingizii, nawaza tu kwa sauti. Na ninyi wenye malodge, jahazi lililokufa kabisa sawa, pasueni, ila mngeuliza kwanza kama limekufa lenyewe au limeuliwa.

NYONGEZA: Nimesoma mlioandika chini. Aliyesema nivishe faiba yaishe, hapana mkuu. Faiba juu ya mbao za zamani zilizokunywa mafuta na maji haishiki, na mbao itaendelea kuvimba na kunywea chini yake, maji yakishaingia katikati hayatoki. Na lile jahazi la plastiki la Lamu la 2018 mnalonitajia, Flipflopi, lile ni plastiki tangu mkukuni, limechongwa na mafundi wa majahazi wenyewe, sio mbao iliyovalishwa koti.

Aliyesema "mbao za pwani hazipatikani huku ndo maana fundi kaweka paini", msaji upo Longuza pale Muheza, shamba la serikali, barabara ni lami mpaka Moshi. Angesema tu.

Aliyeniambia nimsamehe fundi ana watoto, na mimi ninao, na nilitaka kuwapakia humo.

Msimamo wangu, anirudishie hela ya "mninga" na ya mataruma, ya vanishi abaki nayo. Kesi sitaki, mjumbe wa mtaa wake anatosha, tunaonana Jumamosi. Na ninachoomba kwenu, kama kuna mtu ana fundi wa vyombo wa kweli Pangani, Tanga au Bagamoyo, mtu wa tezo na kalafati, aliye tayari kupanda basi kuja Moshi nimpe malazi na chakula, anitumie namba inbox. Awe tayari kuanza na patasi, maana kwanza kuna gundi ya kung'oa kwenye kila mwanya. Akija na debe la sifa, yale mafuta ya papa, nitalipia, huku hakuna anayeyauza.