Naomba ushauri: mdogo wangu anamsikia rafiki yake aliyezama ziwani

Wakuu, habari za jioni. Niko Ujiji, Kigoma. Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Mwaka jana mtumbwi wao ulipinduka usiku, mwenzake akazama huku wameshikana mikono. Tangu hapo anamsikia akimwita, hasa upepo ukivuma. Wakati mwingine tunakula, ghafla anaganda, tonge mkononi, macho wazi, ukimwita hasikii. Akizinduka anauliza, "Nilikuwa wapi?"

Hospitali tulikaa dakika chache tu, tukaambiwa ni kichaa, akapewa haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili. Hakuna aliyemuuliza habari za ziwa! Sasa shingo inamkakamaa, mate yanamtoka, na sauti iko palepale. Dawa sijamkatisha, maana kuiacha ghafla ni hatari.

Nimesoma kwamba aliyepatwa na jambo zito anaweza kusikia sauti na akili ikajitenga naye bila kuwa na saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia, na kwamba hayo na saikosisi vinaweza kuwepo pamoja. Daktari anatofautishaje? Nikirudi nimweleze nini kwanza? Huku Kigoma kuna mtaalamu wa ushauri nasaha, au ni mpaka hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma? Mama anataka kumpeleka kwa mganga Jumamosi, nisaidieni mapema.